Gari Likijipiga Resi Lenyewe Asubuhi ya Baridi

Kuna mlio ambao mtu aliyekulia mkoa wa baridi anaufahamu hata akiwa bado amejifunika blanketi mbili. Gari la jirani linawashwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, linanguruma kwa nguvu kidogo, kisha linapunguza sauti taratibu mpaka unasahau kuwa lipo. Huo ni mlio wa gari zima. Upo na mwingine. Gari linawashwa vizuri, linaanza kutulia, halafu baada ya dakika chache, mguu wa dereva ukiwa mbali na pedeli ya mafuta, injini inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena, inashuka, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anakanyaga na kuachia. Mafundi wanasema gari linajipiga resi. Wenye magari wanasema mengi zaidi, na wengine huanza kumfikiria jirani.

Najua wengi wetu hapa chuoni hatuna gari. Lakini hesabu vizuri: ni wangapi humu ambao ada yao, au nusu yake, inatoka kwenye gari la mtu nyumbani? Bodi ya mikopo inalipa asilimia yake, bumu linaingia na kuyeyuka, na kinachobaki kinategemea Noah ya mjomba au bodaboda ya kaka. Changu kinatoka kwenye Corolla ya baba mdogo, ya miaka ya tisini, anayobebea abiria Njombe mjini. Mwaka jana nilipokuwa fildi kule nilikaa kwake, na ndipo hiyo Corolla ilipoanza vituko vya asubuhi. Fundi aliisikiliza dakika moja, akafunga boneti, akasema kontroli boksi imekufa na ya mtumba ataipata kwa laki tatu na nusu. Kiukweli, laki tatu na nusu ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye ada yangu ya muhula uliokuwa unakuja.

Mimi sisomei ufundi, nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Ninachoeleza hapa ni vitu ambavyo mtu mwenye daftari, saa na masikio anaweza kuvifanya kabla hela haijatoka mfukoni, pamoja na sababu zake.

Kupanda peke yake si ugonjwa

Injini ya petroli ikiwa ya baridi ina shida mbili za kweli. Petroli haiungui vizuri ikiwa maji maji. Inaungua ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Chuma kikiwa na nyuzi 8 au 9, kama asubuhi ya Julai pale Njombe, sehemu kubwa ya petroli inayopulizwa na nozeli inashika kama umande kwenye kuta za njia ya hewa badala ya kuwa mvuke. Ndiyo maana injini ya baridi hupewa petroli ya ziada: nyingine inabaki njiani. Shida ya pili ni oili. Oili ya baridi ni nzito, kila kinachozunguka kinazunguka kwa kusuasua, na injini ikipewa hewa na mafuta yaleyale ya mchana itazima.

Kwa hiyo gari limetengenezwa lipande. Mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta mafundi wetu wanauita silensa. Gari dogo lililokwisha kupata moto, silensa yake huwa RPM 650 hadi 800 hivi. Likiwa la baridi, 1,200 mpaka 1,800 ni kawaida, na inatakiwa ishuke yenyewe kadiri maji ya injini yanavyopanda kuelekea nyuzi 80 au 90. Neno la kushika ni ishuke. Inashuka, na hairudi juu. Magari mapya yana sababu ya tatu: kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate joto la nyuzi zaidi ya 250, hivyo kompyuta inaipandisha injini kwa makusudi ili moshi wa moto ukipashe haraka. Gari la namna hiyo linaweza kunguruma nusu dakika au dakika nzima halafu likashuka ghafla. Nalo ni zima.

Kuna kupanda kwingine kusiko na hatia. Ukibonyeza kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, magari mengi huwasha kompresa ya A/C hata kama nje kuna baridi ya kukata masikio, na silensa inaongezwa ili injini ibebe mzigo huo. Feni, taa kubwa, usukani uliokatwa mpaka mwisho, vyote vinaweza kuigusa kidogo. Zima kila kitu kabla ya kuanza kutafuta mchawi. Na, samahani kwa kutaja jambo dogo hivi, angalia kapeti ya dereva isiwe imekalia pedeli, halafu angalia kebo ya mafuta kama inarudi mpaka mwisho ukiiachia.

Wazee walioendesha magari ya kabureta walifanya kazi hii kwa mkono. Asubuhi wanavuta choki, injini ikipata moto wanairudisha. Aliyesahau kuirudisha alijulikana barabara nzima kwa moshi mweusi. Gari la nozeli limeikabidhi kompyuta kazi hiyo, na hiyo kompyuta ndiyo kontroli boksi ya fundi wetu. Sasa maswali yanabaki matatu. Nani anaiambia boksi kwamba injini imepata moto? Nani anatii amri yake ya kushusha silensa? Na je, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, ambayo boksi haiwezi kuifunga?

Anayesema, anayetii, na mlango wa nyuma

Anayesema ni sensa ya joto la maji, kitu kidogo chenye nyaya mbili kilichozama kwenye maji ya injini. Ndani yake mna thamista, ileile ya kwenye vitabu vya Fizikia: joto likipanda, ukinzani wake unapungua. Katika Toyota nyingi ni omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Boksi haina kidole cha kugusa injini. Inasoma ukinzani, inaamini. Sensa ikichoka ikawa inasema nyuzi 20 wakati maji yana 85, injini itaendelea kulishwa kama ya baridi: silensa juu, mafuta mengi, plagi nyeusi.

Hapa kuna mtego. Mshale wa joto kwenye dashibodi hauwezi kukuhakikishia chochote kuhusu sensa hiyo, kwa sababu katika Toyota nyingi za miaka ile mshale una sensa yake nyingine, ya waya mmoja. Mshale unaweza kukaa katikati kwa adabu zote huku sensa ya boksi ikidanganya.

Lakini hata sensa nzima inaweza kudanganya bila kosa lake, maji yakipungua. Ikizungukwa na hewa badala ya maji, haipati joto halisi. Isitoshe, katika magari mengi ya umri huo maji ya injini hupita pia chini ya throto, yaani ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwenye baadhi yake kuna kipande cha nta ambacho kikipata joto hutanuka na kufunga njia ya hewa ya ziada ya asubuhi. Hewa ikijikusanya hapo nta haipati joto, njia haifungi, silensa haishuki. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni bure kabisa. Gari likiwa limelala usiku kucha na injini ni ya baridi kabisa (si wakati mwingine wowote, maji ya moto ya rejeta yanababua uso), fungua kifuniko cha rejeta utazame. Maji yanatakiwa yaonekane shingoni. Usitosheke na chupa ya akiba, maana chupa inaweza kuwa na maji na rejeta ikawa na upungufu.

Na themostati je? Hii ni vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa, wanasema nchi yetu ni ya joto. Kwa gari la Dar es Salaam mwenye gari anaweza asione tofauti kwa muda mrefu. Lipeleke gari hilohilo Makete mwezi wa saba, uone kama litapata moto kabla hujafika unakokwenda. Silensa ya asubuhi itakaa juu kwa muda mrefu, mafuta yatakwenda, na hakuna kitakachokuwa kimeharibika isipokuwa kile kilichotolewa.

Anayetii ni vali ya silensa, ambayo kwa kawaida imefungwa kwenye throto. Inafungua njia ndogo ya hewa asubuhi, inaibana injini ikipata moto. Adui yake ni masizi. Yakijaa, vali inanata: ikinata ikiwa wazi silensa inabaki juu, ikinata ikiwa imefunga gari linazima kwenye taa. Dawa yake mara nyingi ni kusafishwa kwa dawa ya kupuliza ya throto, si kununuliwa mpya. Kitu kimoja nakipinga kabisa, nacho ni kuchezea skrubu ya kuzuia throto ili silensa ishuke. Mchana gari litatulia na kila mtu atafurahi. Kesho alfajiri litakataa kukaa, kwa sababu umeondoa hewa ambayo asubuhi inahitajika na umeacha palepale ile isiyohitajika.

Mlango wa nyuma ndio niliouchelewesha kwa makusudi, kwa sababu ndio unaoeleza ule mlio wa kupanda na kushuka. Injini inavuta hewa kama mtu anayevuta soda kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa, hewa inaingia pembeni. Kwenye injini, ufa huo unaweza kuwa kwenye mipira midogo ya upepo, kwenye gasketi ya manifodi, au kwenye mpira unaorudisha moshi wa ndani ya injini. Kwenye magari ambayo boksi inakadiria hewa kwa kupima mgandamizo ndani ya manifodi, hewa hiyo ya wizi inahesabiwa, inapewa petroli yake, na injini inapanda tu. Kwenye yale yanayopima hewa mlangoni kwa sensa, hewa ya wizi haihesabiwi, petroli inakuwa pungufu, na injini mara nyingi inatetemeka.

Sasa fuata saa. Dakika za kwanza injini ni ya baridi na boksi yenyewe inataka 1,500. Ufa unaleta hewa, boksi inabana vali kidogo, hesabu inakaa sawa, na wewe huoni kitu. Dakika zinakwenda, maji yanapata joto, boksi inataka 1,200, kisha 1,000. Inabana vali mpaka mwisho. Lakini hewa ya ufa haina vali. Injini inagoma kushuka, tena yenyewe imekuwa nyepesi kwa sababu oili imepata moto, kwa hiyo inapanda. Hapo boksi inaona jambo la ajabu: throto imefungwa, injini iko juu. Katika maisha ya kawaida hali hiyo ina maana moja tu, dereva ameachia mafuta anateremka mlima, na kanuni yake kwenye mteremko ni kukata petroli kabisa ili kuokoa. Inakata. Injini inaporomoka. Ikifika chini boksi inarudisha petroli isizime. Injini inapanda tena, inakatwa tena. Huo ndio mguu wa asiyeonekana.

Na baridi ina mkono wake hapo. Mpira uliozeeka asubuhi huwa mgumu na umejikunja kidogo, ufa unapanuka. Injini ikiupasha, mpira unalainika, ufa unajibana. Ndiyo maana saa tatu jua likishatoka gari linakuwa mtoto mwema.

Daftari la asubuhi nne

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo tatizo zima la ugonjwa huu. Gari linaumwa saa kumi na mbili asubuhi, gereji inafunguliwa saa mbili, unafika saa nne injini ikiwa ya moto. Fundi anaambiwa habari za ugonjwa ambao haupo mbele yake. Simwoni fundi wa baba mdogo kama mwizi. Ana magari kumi kwa siku, na mteja wetu wa Kitanzania hataki kulipia kutazamwa. Anataka jina la ugonjwa na bei ya spea. Akiulizwa hivyo, naye anajibu hivyo.

Kwenye kozi ya upimaji tunafundishwa kwamba jibu lisilo sahihi la mwanafunzi ni taarifa. Mtoto anayekosea hesabu zote zenye namba hasi, na kupata zote zisizo nazo, hana kichwa kigumu. Amekuonyesha pa kuanzia. Niliamua kuisoma Corolla hivyohivyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema, shule imehamia usiku?"

"Naomba leo niliwashe mimi, nisilikanyage mafuta hata kidogo. Niandike tu."

Alinitazama kidogo, akanipa ufunguo na kiti cha abiria akakalia yeye.

Daftari la siku ya kwanza linasema hivi. Kuwasha, 1,600. Dakika ya pili, 1,500. Dakika ya nne, 1,400 na inashuka. Dakika ya sita, ghafla 2,000, chini mpaka 1,200, juu tena, karibu kila sekunde mbili. Dakika ya 25, imetulia kwenye 1,000. Saa saba mchana niliwasha tena, 900, kimya. Siku ya pili ilikuwa vilevile, na kuchanganyikiwa kulianza dakika ya sita na ushee. Hapo nilipata mashaka makubwa na habari ya kontroli boksi. Kwa dakika sita boksi inaomba silensa ya juu na kuishusha inavyopaswa. Boksi iliyokufa haina ratiba.

Siku ya tatu tulifungua rejeta kabla ya kuwasha. Ilikunywa lita moja na robo. Tulijaza kulanti, tukawasha na hita ikiwa imefunguliwa ili hewa itoke, tukaongeza ilipopungua. Maji hayapotei bure, kwa hiyo tulitafuta yalikokwenda, na tukakuta bano la bomba la chini limelegea na alama nyeupe za maji yaliyokauka. Kesho yake kuchanganyikiwa kulianza dakika ileile ya sita lakini kukaisha dakika ya 14. Yaani tulikuwa na magonjwa mawili, moja limejificha nyuma ya lingine. Baba mdogo alitaka tuishie hapo. "Si imepungua?" Imepungua, nikamwambia, lakini inaanza palepale.

Siku hiyohiyo ya nne niliazima multimita ya maabara ya shule kwa ruhusa ya mkuu wa idara. Asubuhi kabla ya kuwasha, sensa ilisoma omu 3,900, na injini ilipopata moto omu 300 na kidogo. Sensa ilikuwa inasema kweli. Zikabaki vali na mlango wa nyuma. Tukasubiri dakika ya sita, injini ilipoanza kupanda na kushuka nikaanza kubana mipira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa, nikiangalia nywele na mtandio visikaribie feni wala mikanda. Mpira wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Nilipobana ule unaorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye manifodi, mlio ulikatika kama umefunga bomba. Nikaachia, ukarudi. Nikabana, ukatulia. Juu ulikuwa mpira mzuri tu. Upande wa chini, ukiukunja, ulifunguka nyufa tatu.

Spea yake ilikuwa shilingi 6,000. Sharti uwe mpira wa kuvumilia oili, si kipande cha bomba la maji, kwa sababu moshi ule una oili na bomba la maji litavimba. Fundi ndiye aliyeufunga. Mwanzoni aliniambia, "Binti, wewe mwalimu, haya ya injini tuachie sisi." Alipouona ule mpira wa zamani akaukunja mara mbili, akacheka, akasema ulijua kujificha. Halafu akaniuliza ile dakika ya sita niliijuaje.

Kama hupendi kubana mipira, kuna njia ya kupuliza maji yenye sabuni karibu na viungo na mipira huku ukisikiliza: yakivutwa ndani mlio unabadilika. Mafundi wengine hupuliza dawa ya kusafishia kabureta au petroli. Inafanya kazi, na pia inawaka. Juu ya injini ya moto mimi sishauri.

Mashine, na mengine ya kuangalia

Wenye magari ya karibuni mna bahati. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani kinakuonyesha kwenye simu kile ambacho boksi inaamini. Kipimo bora hakihitaji hata kuwasha injini. Gari lililolala usiku kucha, washa swichi tu, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanatakiwa yakaribiane, kwa sababu kila kitu kimelala kwenye baridi moja. Maji yakisema nyuzi 35 na hewa ikasema 9, mmojawapo ni muongo. Magari ya Japani ya miaka ya tisini mara nyingi hayaelewani na kifaa hicho. Toyota za umri huo unaziunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha chini ya boneti, unawasha swichi, na taa ya cheki injini inapepesa namba. 22 ni njia ya sensa ya joto la maji. Lakini taa kutokuwaka isikutulize sana. Sensa iliyokatika waya itawasha taa. Sensa inayodanganya kidogo, au ufa wa mpira, vinaweza kukaa miezi bila taa yoyote.

Kama hupati nafasi ya kuyafanya haya, basi kitu kimoja: asubuhi rekodi video ya dashibodi kwa simu, kuanzia kabla ya kuwasha mpaka injini itulie, bila kukata. Ipeleke hiyo gereji, au liache gari lilale huko ili fundi aliwashe mwenyewe likiwa la baridi.

Wakati ugonjwa haujapona, tahadhari na gari la otomatiki. Injini ikiwa 2,000 ukaiingiza D, gari linaruka mbele. Baba mdogo hupaki mbele ya geti ambalo watoto wa shule ya msingi hupita saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kwa siku zile nne tulikubaliana haligusi D mpaka mshale ushuke, breki ikiwa imekanyagwa kabla. Likipanda lenyewe barabarani, breki kwa nguvu, weka N, simama pembeni ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari likitembea, usukani utajifunga. Usisubiri injini ipate moto ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya baridi. Hewa ya kaboni monoksidi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye ekzosi. Na kama gari ni la dizeli, mengi ya niliyoeleza hayalihusu: dizeli ikipanda yenyewe bila kushuka inaweza kuwa inakunywa oili yake, na kuzima swichi huenda kusiisimamishe. Hapo kaa mbali uite fundi.

Jambo la mwisho, kwa sababu limeshawarudisha watu gereji bure. Ukimaliza kutengeneza, fundi akitoa kichwa cha betri, boksi nyingi husahau kiasi cha hewa zilichokuwa zimejifunza kwa silensa. Kwenye magari yenye throto ya umeme, hata kuisafisha tu kunavuruga hesabu hiyo. Silensa inaweza kuwa ya ajabu siku moja au mbili, juu kidogo au chini kidogo, mpaka boksi ijifunze upya. Mengine yana utaratibu wake wa kufundishwa ambao fundi anatakiwa kuufuata. Corolla yetu ilichukua asubuhi mbili. Ya tatu ilianza 1,500, dakika ya sita ikawa 1,200, na dakika ya kumi 800.